Mnyama wa Ubaoni na Hadithi ya Mdomoni: Tahakiki ya Michongo ya Ukutani ya Kikelti

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki sanaa moja ya watu wa mbali, yaani michongo ya mbao inayotundikwa ukutani na kuonyesha wanyama wa hadithi za Wakelti. Huenda msomaji akauliza: sanaa ya Ayalandi, Uskoti na Wales yatuhusu nini sisi katika kitabu kinachozungumzia utamaduni wa taifa? Jibu ni kwamba watu hao walipatwa na jambo ambalo mataifa mengi yaliyotawaliwa yanalijua. Lugha zao zilirudishwa nyuma kwa nguvu ya utawala na ya shule, na katika miaka iyo hiyo picha na mapambo yao yakazidi kupendwa na kununuliwa. Kwa hiyo michongo hii inatupa nafasi nzuri ya kuchunguza swali ambalo kila mwalimu wa fasihi simulizi hana budi kulijibu: je, picha yaweza kuihifadhi hadithi baada ya lugha iliyoisimulia kunyamaza? Tutajaribu kuonyesha kwamba haiwezi peke yake, na kwamba thamani ya mchongo wenyewe hupungua hadithi inaposahaulika.

Kwanza yafaa tueleze neno lenyewe. Tunapotaja Wakelti wa leo, tunakusudia watu wanaohusishwa na lugha sita: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kimanksi, Kiwelisi, Kikorni na Kibretoni. Lugha hizi hazina hali moja. Kiwelisi kingali na wasemaji wengi. Kikorni kiliacha kuwa lugha ya kila siku yapata mwishoni mwa karne ya 18, na mtu wa mwisho aliyekuwa amekulia katika Kimanksi alifariki mwaka 1974. Wako watu waliojitahidi kuzifufua lugha hizi mbili, lakini jitihada hizo zenyewe ni ushahidi wa pengo lililokuwapo.

Wanyama katika hadithi

Katika hadithi za Wakelti mnyama aghalabu hutenda kazi moja kati ya tatu. Kazi ya kwanza ni kuwa mwenye maarifa. Mfano wake ni samaki aitwaye samoni katika hadithi ya Finn mac Cumhaill wa Ayalandi. Samaki huyu alikula kokwa zilizodondoka kutoka katika miti tisa iliyozunguka kisima cha hekima, akapata kujua mambo yote. Mzee Finnegas, mshairi, alimvizia kwenye mto Boyne kwa muda wa miaka saba. Alipomnasa, alimwagiza kijana wake amwoke wala asimwonje. Kijana aliungua kidole gumba, akakitia mdomoni ili kupoza maumivu, na maarifa yote yakaingia kwake. Mzee alipoona hivyo alikubali kwamba samaki hakuwa fungu lake, akampa kijana amle wote. Hadithi hii inasema jambo zito juu ya ujuzi: mtu anaweza kuutafuta maisha yake yote, kisha ukamwendea mwingine kwa ajali ndogo ya jikoni.

Kazi ya pili ni kuwa mpakani kati ya mtu na mnyama. Shujaa Cú Chulainn alipewa jina hilo, lenye maana ya mbwa wa Culann, kwa sababu akiwa mtoto alimwua mbwa wa mhunzi Culann, kisha akajitolea kulinda nyumba mahali pake. Kuanzia hapo nyama ya mbwa ikawa mwiko kwake, na alipoivunja miiko hiyo nguvu zake zikapungua na kifo chake kikakaribia. Kwa mujibu wa hadithi, alijifunga kwenye jiwe ili afe akiwa amesimama, na adui zake hawakuthubutu kumkaribia mpaka ndege mweusi alipotua begani pake. Katika fungu hilohilo wamo sili wa pwani za Uskoti na Ayalandi ambao huvua ngozi zao na kuwa wanawake. Mwanamume huficha ngozi ya mmoja wao na kumwoa, na siku mke anapoiona ngozi yake hurudi baharini.

Kazi ya tatu ni kuwa shahidi wa wakati. Hapa mfano bora unatoka Wales, katika hadithi ya Culhwch na Olwen, ambayo imehifadhiwa katika miswada ya yapata karne ya 14. Wajumbe wa Arthur wanamtafuta Mabon, aliyeibwa kwa mama yake akiwa na umri wa siku tatu. Wanamwuliza ndege mweusi, naye anasema kwamba amekuwa akifuta mdomo wake kila jioni kwenye fuawe ya mhunzi mpaka fuawe imebaki kama kokwa, na hajapata kusikia habari za mtu huyo. Wanamwuliza ayala dume, ambaye aliuona mwaloni tangu ulipokuwa mche mpaka ukawa kisiki. Wanamwuliza bundi, ambaye ameona msitu ukifyekwa na kuota tena. Wanamwuliza tai, kisha samoni, naye ndiye anayejua. Tusisahau kwamba kati ya wajumbe hao yumo mkalimani ajuaye lugha za wanyama. Pasipo yeye, mashahidi wote hao wangebaki kimya mbele ya wageni wao.

Nakshi ilitoka wapi?

Mchongo wa ukutani wa kisasa huwa na sehemu mbili: mnyama, na mikanda iliyosukwa inayomzunguka au kupita mwilini mwake. Ayala ana pembe zinazoishia katika mafundo. Mbwa wawili wameumana mikia, na shingo zao zimepitana kama ukili. Wauzaji hupenda kusema kwamba yote hayo ni urithi mmoja wa kale. Historia haikubaliani nao.

Mikanda ya namna hiyo yajulikana hasa kutokana na vitabu vya Injili vilivyonakiliwa na watawa, kama vile Kitabu cha Durrow cha yapata mwaka 700 na Kitabu cha Kells cha yapata mwaka 800, ambavyo vyote vimo katika maktaba ya Trinity College, Dublin. Ufundi wa kusuka miili ya wanyama uliingia katika vitabu hivyo kutokana na kukutana na sanaa ya makabila ya Kijerumani, wakiwamo Waanglo-Saksoni. Aidha, wanyama wa vitabu hivyo hawakuchorwa ili kueleza hadithi za Finn au za Cú Chulainn. Wengine ni alama za dini, na wengine ni furaha ya mchoraji tu. Katika ukurasa mmoja mashuhuri wa Kitabu cha Kells wamo paka na panya, na fisimaji aliyekamata samaki, wote wamefichwa chini ya herufi kubwa za jina la Kristo.

Kwa upande wa mbao, kazi za kale ni chache kwa kuwa mbao huoza. Zile zilizosalia zinatufundisha jambo lilelile. Machimbo yaliyofanywa Dublin kati ya mwaka 1974 na 1981, mahali paitwapo Wood Quay na Fishamble Street, yalitoa vipande vya mbao vyenye nakshi za wanyama zilizofuata mitindo ya Waskandinavia walioujenga mji huo. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Maria mjini Limerick vimo viti vya mwaloni vya karne ya 15, ambavyo chini yake wamechongwa wanyama ili makasisi wapate mahali pa kujiegemeza wakati wa ibada ndefu. Ni kazi nzuri mno, lakini wanyama wale wametoka katika vitabu vya wanyama vilivyosomwa Ulaya nzima, na wala hawakutoka katika masimulizi ya wakulima wa Limerick.

Hivyo basi, kumfunga samoni wa Finn katika mafundo ya Kitabu cha Kells ni ndoa iliyofungishwa baadaye, hasa katika karne ya 19 na ya 20. Aliyeisaidia sana ni mwalimu wa sanaa wa Uskoti, George Bain, aliyefundisha katika shule ya sekondari ya Kirkcaldy. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 alionyesha hatua kwa hatua jinsi mafundo na wanyama wale wanavyochorwa kwa kufuata kanuni, mpaka mwanafunzi yeyote mwenye penseli akaweza kujifunza. Hatuna sababu ya kuibeza ndoa hiyo. Sanaa zote hukopa, na asiyekopa hudumaa. Kosa lipo pale mnunuzi anapoambiwa kwamba mafundo yale ndiyo hadithi yenyewe.

Fani na maudhui

Tukija kwenye tahakiki yenyewe, yatupasa kuutazama mchongo kwa fani na kwa maudhui. Katika fani, mchongo wa ukutani ni kazi ngumu kuliko unavyoonekana. Mchongaji hupunguza mbao kuzunguka umbo ili umbo lisimame mbele, naye ana kina cha vidole viwili au vitatu tu cha kuonyesha kilicho karibu na kilicho mbali. Nyuzi za mti huelekea upande mmoja. Mkanda wa nakshi ukifuata nyuzi hukatika vizuri, ukizivuka huweza kubanduka. Kwa hiyo fundo zuri ubaoni ni ushahidi wa mkono uliozoea patasi na jicho lililousoma mti kabla ya kuugusa. Siku hizi mashine inayoongozwa na kompyuta hukata fundo hilohilo mara mia bila kosa, lakini haijali nyuzi za mti, na mara nyingi mtu huweza kuitambua kazi yake kwa kuwa kina chake ni kimoja kila mahali.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika maudhui. Tuchukue samoni. Kwa kawaida huchongwa akiwa amejikunja duara, magamba yake yakiwa mafundo madogo. Ni pambo la kupendeza. Lakini kiini cha hadithi hakimo katika magamba. Kimo katika lengelenge la ngozi na kidole gumba cha kijana, na katika uso wa mzee aliyengoja miaka saba. Mchongo usio na kidole umeacha tendo, na umebaki na jina tu. Ndivyo ilivyo pia kwa ayala wa Wales. Pembe zake zikipambwa kwa mafundo, twaona mnyama mwenye fahari. Katika hadithi, utukufu wake ni kwamba alikuwapo mwaloni ulipokuwa mche, naye angalipo ilhali mwaloni ni kisiki. Mchongaji anayefanya kazi kwa mwaloni ana nafasi adimu ya kusema hayo kwa mti uleule, akichonga kisiki kando ya ayala. Asipofanya hivyo amepoteza maudhui yaliyokuwa mikononi mwake.

Linganisha na sanamu ya Cú Chulainn aliyoifinyanga Oliver Sheppard katika miaka ya 1911 na 1912, ikamwagwa kwa shaba nyeusi. Tangu mwaka 1935 imewekwa katika Posta Kuu ya Dublin kuwa ukumbusho wa mapambano ya mwaka 1916, ambayo makao yake makuu yalikuwa katika jengo hilo. Sanamu hiyo haina fundo hata moja la kutafutia sifa. Ina mtu aliyefungwa kwenye jiwe, kichwa kimelala, na ndege begani. Ndege huyo ni tendo: kutua kwake ndiko kulikowajulisha adui kwamba shujaa amekufa. Msanii alichagua nukta moja ya hadithi ambayo ndani yake hadithi nzima imejikusanya. Ingawa kazi hiyo si ya mbao, ndicho kipimo ambacho michongo ya ukutani yapaswa kupimwa nacho.

Hata hivyo, hata kazi bora kama hiyo humhitaji mtazamaji mwenye hadithi. Mfano wa sungura watosha. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki akimwona sungura ubaoni atatabasamu, kwa maana kwake sungura ni mjanja, mdogo wa mwili aliyemshinda fisi na simba. Mzee wa kijijini Ayalandi katika karne zilizopita angeogopa. Kwake sungura aliyeonekana malishoni asubuhi ya kwanza ya mwezi Mei huenda alikuwa kikongwe mchawi aliyejigeuza ili kunyonya maziwa ya ng'ombe wa jirani. Imani hiyo ni ya kale, kwani Gerald wa Wales aliiandika mwishoni mwa karne ya 12. Ubao ni ule ule na masikio marefu ni yale yale. Kinachotofautiana ni maneno ambayo watazamaji wawili walipewa na bibi zao. Mbao haikusema lolote.

Mti mweusi sokoni

Si ajabu kwamba sanaa isiyosema huuzwa kwa urahisi. Katika vinamasi vya Ayalandi hupatikana mialoni iliyozama katika udongo kwa maelfu ya miaka na kugeuka kuwa myeusi kabisa. Katika karne ya 19 mafundi waliichonga kuwa vinubi vidogo, majani ya shamroki, minara na mbwa wa kuwindia, wakawauzia watalii na wanawake wa Uingereza waliotaka mapambo meusi ya matanga. Biashara ilipokua, nakshi zikaanza kugandamizwa kwa chapa badala ya kuchongwa. Mwaka 1850 bizimu moja ya thamani ya karne ya 8 iliokotwa karibu na Bettystown. Sonara aliyeinunua akaiita Bizimu ya Tara, kwa jina la kilima cha wafalme wa kale, ingawa haikutoka huko. Jina liliongeza bei, nayo ilipelekwa kwenye maonyesho makuu ya London mwaka 1851.

Tutazame miaka hiyo. Njaa kuu ilianza mwaka 1845, na ndani ya miaka michache iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine wapatao milioni moja. Waliokufa na waliohama walikuwa hasa maskini wa magharibi, nao ndio waliokuwa wakisema Kiayalandi na kusimulia hadithi za samoni na za sungura. Basi bizimu iling'aa London wakati ambapo wasimulizi walikuwa wakizikwa.

Shule nazo zilifanya sehemu yake. Katika karne hiyo watoto wengi wa Ayalandi walivishwa shingoni kijiti kilichofungwa kwa uzi. Kila mtoto aliposema neno la Kiayalandi kijiti kilikatwa pengo, na baadaye mwalimu alihesabu mapengo na kumchapa. Huko Wales kilikuwapo kipande cha ubao chenye herufi WN, ambacho mtoto aliyesema Kiwelisi alivishwa mpaka apatikane mkosaji mwingine. Sisi hatuwezi kuyasoma hayo kama mambo ya ajabu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameeleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni walivyofedheheshwa kwa namna inayofanana na hiyo kwa kusema Kikuyu shuleni. Kwa hiyo mhakiki anapoandika juu ya sanaa ya mbao ya Wakelti hana budi kuvitaja vijiti hivi pia. Navyo vilichongwa, na maana yake kila mtoto aliielewa.

Madaftari ya watoto

Ayalandi huru ilijaribu kuokoa kilichosalia. Mwaka 1935 iliundwa Tume ya Ngano ya Ayalandi, iliyofanya kazi hadi mwaka 1971. Kazi yake ambayo yatupasa sisi walimu kuitafakari ni ile ya mwaka 1937 hadi 1939. Watoto wapatao 50,000 kutoka shule za msingi zipatazo 5,000 walitumwa kwa wazazi, babu na majirani zao, waandike katika madaftari yale waliyosimuliwa: ngano, tiba, methali, michezo, majina ya mahali. Walileta mamia ya maelfu ya kurasa, ambazo zimehifadhiwa hadi leo katika chuo kikuu kimojawapo cha Dublin. Mtoto ambaye babu yake huenda alivishwa kijiti shingoni sasa alipewa daftari, akaambiwa na mwalimu yuleyule wa serikali kwamba maneno ya babu yana thamani.

Anayetaka kumchonga sungura wa Ayalandi leo anaweza kwenda kwenye kurasa hizo akasoma jinsi mtoto fulani wa mashambani alivyosimuliwa habari ya sungura aliyejeruhiwa, na kikongwe aliyeonekana kesho yake akichechemea. Hapo patasi yake itajua la kutenda: itauchonga mguu unaochechemea. Mchongo wa namna hiyo unazaliwa na hadithi, nao humrudisha mtazamaji kwenye hadithi. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya picha katika elimu. Mtoto huiona na kuuliza, "Huyu ni nani, na kwa nini anachechemea?" Lakini lazima nyumbani au shuleni awepo mtu wa kumjibu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mapambo ya Kikelti yana ufundi mkubwa, kwamba asili yake ni mchanganyiko, na kwamba michongo mingi ya ukutani imechukua umbo la mnyama ikaacha tendo lake. Tumeona pia kwamba soko liliweza kustawi huku wasimulizi wakitoweka, kwa kuwa mnunuzi hadai hadithi.

Kuna uzi unaotufunga na nchi hizo kuliko tunavyodhani. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ndio mti unaopendwa na mafundi wa zumari za mfuko za Uskoti na wa filimbi za Ayalandi. Mti wetu mweusi huimba nyimbo za Wakelti katika sherehe na mazishi yao. Mpingo huohuo, mikononi mwa wachongaji wa Kimakonde na wenzao, hutoa michongo inayosafiri mpaka kwenye kuta na meza za nyumba za Ulaya. Mnunuzi wa huko hujua kwamba kitu chake ni kizuri na kizito. Kama hakuelezwa, hajui shetani yule ni nani wala alifanya nini, kama sisi tusivyomjua sungura wa Mei. Hilo halitoki kwa udhaifu wa mchongaji; ndivyo mbao ilivyo.

Mwalimu anaweza kuanza na kazi ndogo. Kila mwanafunzi achague mnyama mmoja ambaye wazee wa kwao humsimulia, aiandike hadithi yake kwa lugha aliyoisikia na kwa Kiswahili, ataje mahali iliposimuliwa, kisha aeleze nukta moja ambayo mchongaji angepaswa kuichagua, na sababu yake. Madaftari hayo yahifadhiwe shuleni, yasitupwe mwisho wa mwaka. Mchongaji wa mtaani naye akaribishwe ayasikilize yakisomwa, aseme yapi yanachongeka na yapi hayachongeki.